Moyo Uliofundishwa Barabarani

Ndani ya mtungi wa kioo uliojaa maji ya chumvi yenye uvuguvugu, moyo mpya ulikuwa ukipiga polepole, bila kujua unampigia nani. Ulikuwa na ukubwa wa ngumi ya mtu mzima na rangi ya maziwa. Nyuzi zake zilioteshwa maabara kwa mwaka mzima, na alfajiri hiyo tu ndipo zilipofumwa kuwa moyo, zikiwa bado laini, tayari kushika chochote zitakachofundishwa. Mitungi mingine ya namna hiyo ilipangwa kwenye jukwaa la uwanja wa Babati, na watu waliokuja kutazama mbio walipita mbele yake wakiongea kwa sauti ya chini kana kwamba wako kanisani.

Hiyo ndiyo iliyoitwa mioyo-wanafunzi. Zamani mbio za hisani za Babati zilikuwa kama za mahali popote: mtu analipa kiingilio, anapewa fulana, anakimbia, anarudi nyumbani na medali na maumivu ya magoti, na fedha zinakwenda hospitali. Siku hizi fulana zipo na magoti yanauma vilevile, lakini mkimbiaji anatoa kitu kingine. Anavaa bamba jembamba kifuani, na bamba hilo linasoma mapigo yake na kuyapeleka papo hapo kwenye moyo mmoja pale jukwaani. Yeye anakimbia, moyo unajifunza. Kesho yake unapandikizwa kwenye kifua cha mgonjwa.

Daktari Amsi, kijana aliyesimamia kituo cha mioyo, hakuchoka kueleza kwa nini ilibidi iwe hivyo.

"Kusukuma damu ni kazi ndogo," aliwaambia wakimbiaji kila mwaka. "Hata pampu ya kisima inasukuma. Shida ni siku mgonjwa anapopata homa, au anapopanda ngazi, au anapofiwa. Siku hiyo moyo unaombwa zaidi ya ulichowahi kutoa. Kama mwalimu wake hakuwahi kutoa zaidi, nao hautajua kwamba kuna zaidi."

Kwa hiyo sharti likawa kwamba mkimbiaji avunje rekodi yake mwenyewe, hata kwa sekunde moja. Akishindwa, moyo wake unamwagwa, kwa sababu nyuzi zikishakaza hazifundishiki tena. Walishajaribu kuifundisha mioyo kwa mapigo yaliyorekodiwa, wakajaribu na mashine za kukimbilia ndani ya nyumba. Ilitoka mioyo mivivu, iliyozimika kwa kikohozi cha kwanza.

Tena ndugu haruhusiwi kumfundishia ndugu. Sharti hilo lililetwa na msiba. Baba mmoja alikimbia kwa ajili ya mwanawe, akakipanda kilima cha Haraa kufa kupona, na akafa kweli. Tangu hapo Mpangaji, akili mnemba ya kituo, hupima damu ya wakimbiaji na ya wagonjwa, huwagawa yenyewe, na majina hufichwa mpaka mbio ziishe.

Kufichwa huko ni kwa jina tu. Babati imekuwa jiji, ina maghorofa na treni za kuning'inia zinazozunguka ziwa, lakini umbea wake ni ule ule wa mji mdogo. Wiki moja kabla ya mbio kila mtu anakuwa na uhakika wa nani anamfundishia nani, na nusu yao huwa wamekosea.

Paskalina Tluway naye alikuwa na uhakika wake. Alisimama kwenye mstari wa kuanzia, mwanamke wa miaka arobaini na ushee, fundi wa ndegenyuki, zile droni za kunyunyizia dawa mashamba ya mbaazi, akijikaza asigeuke kumtazama mwanaume aliyekuwa kushoto kwake. Mwanaume huyo ni Gwandu, mjane wa makamo, fundi mabomba, mwenzake wa mazoezi ya asubuhi. Paskalina hakuwa na shaka kwamba bamba lililokuwa kwenye kifua cha Gwandu lilikuwa likiufundisha moyo wa mdogo wake, Bura.

Ushahidi wake ulikuwa maziwa. Bura alikuwa mgonjwa kwa miaka miwili, moyo wake ukichoka kidogo kidogo, na madaktari walishasema hatafika mbio za mwakani. Majuma machache kabla, Gwandu alibisha hodi nyumbani kwao akiwa na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akaketi na Bura mpaka jua likaelekea kuzama, akamuuliza anapanda ngazi ngapi kabla ya kuchoka, anapumua vipi akilala. Wiki iliyofuata akaja na kibuyu kingine. Kwa watu wa huku, mwanaume haji na maziwa kwenye nyumba isiyo ya ukoo wake bila sababu, na Paskalina aliiona sababu moja tu. Alipomwambia Bura, Bura alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, akasema, "Sawa, dada, iwe hivyo unavyosema." Paskalina alidhani anacheka kwa furaha.

Yeye mwenyewe hakujua alikuwa akimfundishia nani. Mtu fulani, mahali fulani, mwenye siku za kuhesabu kama Bura. Alikuwa amejizuia asifikirie sana.

Baragumu likalia, na watu wakaondoka.

Kilomita za mwanzo zilipita kando ya ziwa, barabara ikiwa tambarare na watu wamejaa nyuma ya kamba wakipiga vigelegele. Ndegenyuki za kituo ziliruka juu ya wakimbiaji zikisikiliza mabamba. Paskalina alikimbia bega kwa bega na Gwandu. Alijiambia ni mazoea ya mazoezi, lakini ukweli ni kwamba alikuwa akimlinda. Gwandu akipunguza mwendo, yeye anatangulia hatua mbili kumvuta. Akiongeza kupita kiasi, anamwita, "Taratibu, mlima bado." Gwandu alitii kila mara, akitabasamu kidogo, na hilo likamtia wasiwasi, maana mtu aliyebeba uhai wa mwenzake hapaswi kutabasamu.

Sikioni kwake, kinong'onezi, kile kidude kidogo kinachopima mwendo, kilisema, "Uko mbele ya rekodi yako kwa sekunde kumi na mbili."

Alishtuka. Rekodi yake ilikuwa ya miaka sita nyuma, saa moja na dakika arobaini na moja kwa kilomita ishirini na moja, na tangu hapo hakuwahi hata kuikaribia. Asubuhi hiyo alikuwa amelala vibaya na kula vibaya. Lakini miguu ilikuwa ikijiendea. Pumzi iliingia na kutoka bila kusukumwa. Mkimbiaji anajua siku kama hiyo inapomjia, na anajua kwamba haiji mara nyingi.

Walipofika chini ya kilima cha Haraa, kamba za watazamaji zikaishia hapo. Juu barabara ilikuwa nyembamba, upande mmoja mwamba na upande mwingine korongo, na hakuna aliyeruhusiwa kusimama isipokuwa roboti za huduma zenye maji. Nazo hazikuruhusiwa kumgusa mkimbiaji. Umeme wa roboti hizo ulivuruga mabamba, na bamba likivurugwa, somo limeharibika. Mtu akianguka kilimani, wa kumsaidia alikuwa mkimbiaji mwenzake au hakuna.

Katikati ya mlima Paskalina alisikia nyayo za Gwandu zikibadilika. Kisha akasikia mguno. Kisha hakusikia nyayo kabisa.

Aligeuza shingo. Gwandu alikuwa ameinama kando ya barabara, mikono yote miwili imeshika msuli wa mguu wa kulia. Jasho lilikuwa likimdondoka kwenye lami. Paskalina aliujua msuli huo. Ulishambana mara mbili mazoezini, na mara zote mbili alipiga goti mbele yake, akaukunja unyayo, akaukanda mpaka ukaachia. Ilichukua dakika mbili hivi, pengine tatu. Gwandu mwenyewe hakuwahi kuweza peke yake, ila akikandwa angewahi bado, maana rekodi yake ilikuwa ya polepole kuliko ya Paskalina.

"Ukisimama dakika moja," kinong'onezi kikasema kwa sauti yake isiyo na haraka, "rekodi haitavunjika."

Wakimbiaji wengine waliwapita. Mwanamke mmoja alimtazama Gwandu, akafumba macho kidogo, akaendelea. Hakuna aliyesimama, na hakuna wa kulaumiwa, kwa sababu kila mmoja alikuwa na uhai wa mtu kifuani. Huko ndiko mbio za hisani zilikokuwa zimefika: mtu anampita mwenzake aliyeanguka kwa sababu ya huruma.

Paskalina alikuwa bado anakimbia, lakini kwa hatua fupi fupi, karibu anatembea. Alimwona Bura kitandani, mito mitatu mgongoni ili aweze kupumua. Alimkumbuka siku mama yao alipomleta nyumbani akiwa mchanga, amefungwa kwenye kanga, mtoto wa jirani aliyefariki akimzaa, na akawaambia watoto wake wote: huyu ni mdogo wenu, sitaki kusikia jina lingine. Hawakulisikia jina lingine tangu siku hiyo. Paskalina ndiye aliyembeba mgongoni. Ndiye aliyemfundisha kutembea, akimshika vidole viwili.

Akirudi nyuma hatua ishirini tu, Bura ataishi. Na mtu mwingine, asiye na sura wala jina, atakufa kabla ya mbio za mwakani.

Gwandu aliinua uso. "Nenda," alisema. "Nenda, Paskalina. Usiniangalie."

"Mguu ule ule?"

"Nenda bwana, unapoteza muda."

Angeweza kusema baadaye kwamba alimtii. Angeweza kusema kwamba alifikiria haki, kwamba mgonjwa asiyemjua naye ana dada yake anayeomba. Mawazo hayo yalikuwepo, yalipita kichwani. Lakini chini ya mawazo hayo kulikuwa na miguu yake, na miguu ilitaka kwenda. Moyo wake uliruka pigo moja, kama mtu anayekosa ngazi gizani. Kisha akageuza uso mbele, akapiga moyo konde, akaupanda mlima.

Alilia mpaka kileleni. Barabara ikaanza kuteremka, upepo wa ziwa ukampiga usoni, na pale machozi yakakauka bila yeye kutaka. Mwili wake wote ulikuwa ukifanya kazi pamoja. Miaka sita ilimdondoka mgongoni, na mingine kabla ya hiyo. Aliwapita waliompita, mmoja mmoja, na kila alipompita mtu alihisi kitu kinafura kifuani mwake ambacho hakukubali kukitaja. Alimaliza akiwa ameivunja rekodi yake kwa karibu dakika mbili. Watu walimshangilia. Akaanguka magotini kwenye nyasi za uwanja, akafunika uso, na wapiga picha wakadhani ni furaha tu.

Gwandu alifika akichechemea, muda mrefu baadaye. Jukwaani, mtungi mmoja ukazimwa taa.

Alasiri hiyo Paskalina aliketi kwenye ukumbi wa kituo cha mioyo akiwa bado na fulana yenye chumvi ya jasho, akitafuta maneno. Alikuwa amepanga kusema, "Bura, mwalimu wako alibanwa na msuli," kisha akaona huo ni uongo wa nusu. Akajaribu kusema yote. Hakufika mwisho hata kichwani.

Daktari Amsi alitokea akiwa na uso uliochangamka. "Mama, njoo umsalimie mdogo wako. Moyo wake umefuzu. Kesho asubuhi tunampandikizia."

Paskalina alibaki ameketi. "Haiwezekani, daktari. Gwandu alibaki mlimani."

"Gwandu anahusika vipi?"

"Si ndiye mwalimu wake? Alikuja nyumbani na maziwa. Mara mbili."

 Mbio zilishaisha, na majina hayakuwa siri tena. Daktari akaketi kiti cha pili. "Mama, mwalimu wa Bura ni wewe."

"Bura ni ndugu yangu. Ndugu hafundishii ndugu."

"Mpangaji inapima damu, mama. Damu zenu hazina uhusiano wowote. Niliyaona majina leo baada ya mbio, na mimi nilishangaa. Nilidhani labda mlifanya makusudi mkanyamaza."

Hakuwa amenyamaza. Alikuwa amesahau. Mji mzima ulikuwa umesahau, mpaka Bura mwenyewe, na ni mashine peke yake iliyokumbuka kwamba hawakuzaliwa tumbo moja. Ahueni ilimjia kwa kishindo. Nyuma ya ahueni kikaja kitu kingine, cha baridi.

"Na Gwandu?" aliuliza. "Yeye alikuwa akimfundishia nani?"

"Mama mmoja wa Magugu." Daktari aliangalia mikono yake. "Tutajaribu kumfikisha mwakani."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Bura alirudi nyumbani akiwa na rangi usoni, akala kama mtu aliyetoka safari. Habari zikaenea, na Babati ikazishika kwa mikono miwili: dada aliyemkimbilia mdogo wake bila kuambiwa, damu ilimwita ingawa si damu. Watu walimsimamisha Paskalina njiani kumpa mkono. Kwaya ikamwombea. Yeye aliitikia, "Asante, asante," na kuharakisha. Gwandu hakuonekana tena kwenye mazoezi. Walisema kila Jumapili anapanda treni kwenda Magugu.

Mwezi wa pili baada ya upasuaji, Bura alianza kupanda ngazi za ghorofa lao kwa mazoezi, na Paskalina akimfuata nyuma kama alivyoagizwa na daktari. Siku moja walifika juu kabisa, wakaketi kwenye kibaraza kinachotazama ziwa. Bura hakuwa akihema. Alikuwa akimtazama dada yake kwa pembe ya jicho.

"Yale maziwa yalikuwa yako," alisema. "Gwandu alikuja kwa ajili yako, dada. Mji mzima ulijua, isipokuwa wewe. Ndiyo maana nilicheka."

 Paskalina alikuwa ameshalifikia hilo peke yake, usiku akiwa macho, na alijua pia kwa nini mtu yule alitabasamu barabarani.

"Hapiti tena hapa," Bura aliendelea. "Mmegombana?"

"Hapana."

"Basi?"

Alitazama ziwa. Angeweza kuiacha habari ilivyo. Ilikuwa nzuri, na kila mtu alishaizoea. "Watu wanasema nilihisi kuwa ni wewe," alisema. "Sikuhisi. Nilijua moyo wako uko kwa Gwandu, nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Nikamwona amebanwa mlimani. Ningeweza kumsaidia, Bura. Ilikuwa dakika mbili. Nikampita."

 Chini yao treni ilipita ikitetemesha nguzo, ikapotea nyuma ya maghorofa.

"Ungesimama," Bura akasema mwishowe, polepole, kama anayepiga hesabu, "mimi ndiye ningekufa."

"Najua. Lakini wakati ule sikujua. Wakati ule nilikuwa nakuacha."

"Kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Hilo si dhambi, dada."

"Ndivyo ninavyojiambia." Alishika ukingo wa kibaraza. "Lakini nilikuwa nakimbia vizuri, Bura. Sijawahi kukimbia vile. Nilipofika kileleni nililia, kisha nikaacha kulia, na nikafurahi. Nilikuacha ufe na nikafurahi."

Bura aliweka kiganja kifuani, juu ya kovu. Alikaa hivyo kwa muda, uso wake umetulia, akisikiliza.

"Kila nikipanda," alisema, "kuna mahali moyo huu unasita. Pigo moja tu, kama umesahau kazi yake. Halafu unanishika, unanipeleka juu, na nikifika najikuta nina furaha kubwa ambayo sijui imetoka wapi. Nilimuuliza daktari, akasema moyo haubebi mawazo, unabeba mapigo tu." Akamgeukia. Macho yake yalikuwa yamejaa, na Paskalina hakuweza kujua kama ni kwa hasira au kwa upendo. "Nimekuwa nikijiuliza furaha ile ni ya nani."